Mtindi Uliopelekwa Maabara

Mama Mtindi hakuwa na jokofu. Hakuwa na kipimajoto. Joto la maziwa alilipima kwa kidole kidogo. Hakuwa na chupa zinazofanana, kwa hiyo wateja wake waligombania zile za shingo ndefu wakidhani zinabeba zaidi. Hakuwa na duka, wala kiti cha kukalia pale langoni alipouzia. Hakuwa na soko la uhakika. Hakuwa na karatasi yoyote inayosema kwamba mtindi wake ni mzuri, ingawa kila aliyeunywa alisema hivyo.

Alikuwa na ng'ombe wawili, mume fundi viatu, na mama mkwe.

Kila asubuhi alikamua, akachemsha maziwa, akayaacha yapoe mpaka kidole kikubali. Kisha aliyachuja kwa kitambaa cheupe ili kuondoa utando wa mafuta uliogandamana juu. Baada ya hapo alitia mbegu. Mbegu ni mtindi kidogo wa jana unaowekwa akiba ili kugandisha maziwa ya leo. Mbegu hiyo aliipata kwa mama mkwe, na mama mkwe aliipata kwa mama yake. Maziwa yalifunikwa, na kesho yake yalikuwa yameganda vizuri, mazito, yenye ukali wa kuamsha ulimi.

Lakini si siku zote. Siku za joto baadhi ya chupa zilivimba na kusukuma vifuniko. Mtindi uliokuwa ndani ulitoa harufu mbaya. Mtindi huo aliwamwagia kuku.

"Kuku wetu wanakula vizuri kuliko sisi," mume wake alisema kila alipoona chupa zikimwagwa.

Utani huo haukumchekesha mtu. Kazi ya viatu ilikuwa imepungua, maana watu walinunua ndala za plastiki na kuzitupa zilipokatika. Kiangazi kilikuwa kinakaribia, na wakati wa kiangazi majani hununuliwa. Walikuwa wamekubaliana hivi: wasipopata soko la uhakika kabla ya kiangazi, ng'ombe mdogo atauzwa.

Siku moja mgeni alisimama kwenye kibanda cha fundi viatu. Soli ya kiatu chake ilikuwa imeachama kama mdomo. Alikuwa mwenye maduka ya dawa katika mji mwingine, akipita njia. Wakati anasubiri, fundi alimpa kikombe cha mtindi. Mgeni alikunywa, akaomba kikombe cha pili. Aliondoka na soli imeshonwa na chupa kadhaa ndani ya mfuko.

Baadaye barua yake ilifika. Fundi aliisoma kwa sauti uani, amesimama wima kama anayesoma taarifa ya habari.

Mwenye maduka alisema yuko tayari kuchukua chupa zote, kila siku. Gari lake lingezifuata mpaka langoni. Alikuwa na masharti mawili tu. La kwanza, apewe karatasi ya maabara kuhusu mtindi huo. La pili, Mama Mtindi amwandikie kwamba anakubali kila chupa ibandikwe maneno haya: *Hutibu vidonda vya tumbo na kuharisha.*

"Hutibu," mama mkwe alirudia polepole. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, amenyoosha miguu. "Si nilisema? Mbegu yangu ni dawa. Mimi mwenyewe imenilea."

"Imekulea, mama, hatukatai," alisema fundi. "Lakini mbona kila mwezi unaenda kuchukua dawa za tumbo?"

"Nyamaza wewe. Zile nakunywa kwa heshima ya daktari."

Mama Mtindi alicheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa siku ya furaha. Jioni hiyo mume wake alichukua kipande cha ubao na rangi nyeusi ya viatu. Aliandika kwa herufi kubwa: TIBA YA TUMBO IPO HAPA. Aliutundika langoni, akarudi nyuma hatua chache, akautazama huku ameinamisha kichwa upande.

"Baba Watoto, hatujapimwa bado," alisema Mama Mtindi.

"Tutapimwa. Ubao unatangulia, karatasi inafuata."

Miongoni mwa wateja wa Mama Mtindi alikuwamo mwanamke aliyefanya kazi katika maabara ya kupima vyakula. Watu wa mtaa walimwita Bi Hadubini, kwa sababu hadubini ndicho chombo chake cha kazi. Ni chombo chenye lenzi ambacho humwonyesha mtu vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Bi Hadubini alimwambia Mama Mtindi apeleke chupa moja pale maabara, dirisha la mapokezi.

"Wanatafuta nini ndani yake?" Mama Mtindi aliuliza.

"Vijidudu," Bi Hadubini alijibu, akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Neno hilo lilimkosesha Mama Mtindi raha. Vijidudu! Na iwapo watawakuta? Aibu gani hiyo, mbele ya watu waliovaa makoti meupe? Alifikiri, kisha akafanya jambo ambalo kwake lilikuwa la adabu tu, kama kuoga kabla ya kwenda kwa daktari. Alichukua mtindi wa chupa ile akauchemsha. Mtindi ulikatika, ukawa mabonge na maji. Aliupiga kwa mwiko mpaka ukalainika tena. Aliutia kwenye chupa iliyochemshwa, akaipeleka.

Siku ya majibu alipewa karatasi yenye muhuri. Fundi aliisoma uani.

"Hakuna bakteria hai walioonekana."

"Hata mmoja?" aliuliza mama mkwe.

"Hata wa dawa."

Mama mkwe alipiga kigelegele. Fundi alianza kutafuta bahasha. Ilikuwa imebaki kuandika jibu na kuituma ile karatasi.

Bahati ilikuwa kwamba jioni hiyo Bi Hadubini alipita kununua mtindi wake wa kawaida. Alikuta nyuso zinang'aa.

"Tupe hongera, dada," alisema Mama Mtindi, akampa karatasi.

Bi Hadubini aliisoma mara mbili. Alimtazama Mama Mtindi, akaitazama karatasi tena.

"Hongera za nini? Dada, hii si karatasi ya mtindi. Hii ni karatasi ya makaburi."

"Una maana gani?"

"Uliuchemsha?"

Mama Mtindi alijifanya kama anafukuza nzi. "Nilitaka uwe safi."

Bi Hadubini alicheka, lakini si kwa dharau. Alivuta kigoda akaketi.

"Hebu niambie. Nani anagandisha maziwa yako?"

"Mbegu."

"Na ndani ya mbegu mna nini?"

"Mtindi wa jana."

"Na wa jana uligandishwa na nini?"

"Na wa juzi. Tukiendelea hivyo tutafika kwa bibi yake mume wangu."

"Tutafika, na huko pia tutawakuta wao. Bakteria. Ni vijidudu hai, wadogo sana. Hawa wa mtindi wanaitwa bakteria wa asidi laktiki. Wanakula sukari iliyomo kwenye maziwa, halafu wanatoa asidi. Ule ukali unaousikia kwenye ulimi ndiyo asidi yao. Hiyo ndiyo inayogandisha maziwa. Tena inawazuia vijidudu wengi wa kuharibu chakula."

Mama Mtindi alishika tama. "Kumbe miaka yote hii nawauzia watu wadudu?"

"Unawauzia kazi ya vibarua. Usiku kucha wanafanya kazi, wewe umelala."

"Wadudu ndani ya mbegu ya mama yangu!" alisema mama mkwe kutoka kwenye mkeka. "Binti, wewe nakuheshimu kwa sababu unalipa palepale. Usiendelee."

"Mama, hata ndani ya tumbo lako wamo."

"Tumbo lako wewe!"

Fundi aligeuza uso ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Bi Hadubini alingoja mpaka kicheko kikaisha. Kisha aliomba kuona barua ya mwenye maduka. Alipofika kwenye neno *hutibu* alisimama.

"Hapa pana mambo," alisema. "Wako bakteria wanaoitwa probiotiki. Hao ni vijidudu hai ambao mtu akiwala kwa kiasi cha kutosha, wanamletea faida ya afya ambayo imethibitishwa. Sikiliza vizuri. Kwanza wawe hai. Chupa uliyoleta ilikuwa na maiti. Pili wawe wa kutosha, si wachache wa kuhesabika. Tatu faida yenyewe iwe imethibitishwa, si imesimuliwa."

"Basi wapime hao wangu," alisema Mama Mtindi. "Nitaleta chupa nyingine. Safari hii siichemshi."

"Nitawapima. Lakini majibu yakija utayachukua jinsi yalivyo?"

Mama Mtindi alitazama upande wa zizi. Ng'ombe mdogo alikuwa anacheua.

"Nitayachukua," alisema.

Chupa ya pili ilifika maabara ikiwa imefunikwa kwa khanga. Bi Hadubini alipata ruhusa ya mkuu wake, na mara kwa mara Mama Mtindi aliitwa kwenda kuona kazi inavyokwenda. Alivalishwa koti jeupe lililompwaya. Aliambiwa anawe mikono, na asiguse kitu.

Chumba kilikuwa kidogo, kina meza ndefu na madirisha yasiyofunguliwa. Pembeni lilisimama kabati linalotunza joto kama la mwili. Ndani yake zilipangwa sahani ndogo za plastiki zenye kitu kama jeli. Jeli hiyo ni chakula cha bakteria. Tone la mtindi uliochanganywa na maji safi hupakwa juu yake. Kila bakteria hai akitulia mahali, huzaana hapo hapo mpaka ukoo wake ukaonekana kwa macho kama doa dogo jeupe.

"Doa moja ni ukoo mmoja," alisema Bi Hadubini. "Tunachota doa moja tunalilea peke yake. Hatuwezi kumjua mtu tukimtazama akiwa kwenye umati."

Alimwinamisha Mama Mtindi kwenye hadubini. Mwanzo aliona kope zake mwenyewe. Baadaye aliona vijiti vifupi. Kwenye kipande kingine cha kioo chenye tone la mtindi aliona duara zilizoshikana.

"Hawa wamekaa kama shanga," alisema. "Hawatembei?"

"Hawa hawana haraka."

Kutoka kwenye mtindi ule walichaguliwa bakteria wa koo tatu. Maabara iliwapa namba. Mama Mtindi alishindwa kukariri namba, akaomba aambiwe tabia zao kwanza, majina atatoa yeye.

"Fikiria ni watu watatu wanaoomba kazi," alisema Bi Hadubini. "Kazi yenyewe ni kumfaa mtu ndani ya utumbo. Kabla ya kuwaajiri tunawasaili. Swali la kwanza: njia. Ukimeza mtindi, unapita tumboni. Tumboni kuna asidi kali sana. Bakteria wengi hufia hapo. Wanaopita wanakutana na nyongo, nayo huyeyusha ngozi zao. Anayekufa njiani hawezi kusaidia mbele."

Kwa hiyo walitengeneza maji makali kama ya tumboni, wakawatia bakteria humo kwa muda ambao chakula hukaa tumboni, kisha wakawalea kwenye sahani ili kuona nani amebaki hai. Wakafanya hivyo hivyo kwa nyongo. Sahani za ukoo wa kwanza zilibaki tupu kabisa.

"Huyu amefia mlangoni," alisema Mama Mtindi. "Huyu ni Mlegevu."

"Ni Mlegevu, lakini usimdharau. Pengine ndiye anayegandisha maziwa yako vizuri zaidi. Kugandisha maziwa ni kazi moja, kukaa utumboni ni kazi nyingine."

Koo mbili zilizobaki zilipimwa kama zinaweza kujishikiza kwenye seli za utumbo zilizolelewa maabara, maana asiyejishikiza husombwa na chakula kinachopita. Zilipimwa kama zinaweza kuwazuia vijidudu wa magonjwa. Zote mbili zilifanya vizuri. Mama Mtindi alianza kuhesabu chupa kichwani.

Ndipo likaja swali la usalama. Kwanza waliwekwa kwenye sahani nyekundu iliyotiwa damu, kuona kama wanaharibu chembe za damu. Hawakuziharibu. Kisha kwenye sahani nyingine viliwekwa vipande vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa inayotumiwa hospitalini kuua bakteria.

"Bakteria wakikaa mbali na kipande, dawa inawaweza," alisema Bi Hadubini. "Tazama huyu wa tatu. Amekimbia, ameacha uwanja mtupu kuzunguka kila kipande. Sasa mtazame huyu wa pili."

Ukoo wa pili ulikuwa umestawi mpaka umeigusa kabisa karatasi moja ya dawa.

"Hana habari nayo," alisema Mama Mtindi. "Huyu ni Mbishi."

"Na ubishi wake unatutia wasiwasi. Bakteria mwingine, ukinzani wake, yaani kule kutosikia dawa, ni wa asili tu, anazaliwa nao na anakufa nao. Lakini mwingine anaweza kumpa mwenzake. Sasa fikiria Mbishi yumo utumboni, anakutana na kijidudu wa ugonjwa, anamfundisha ubishi wake. Siku mtu akiugua, dawa inakataa kufanya kazi. Mpaka tujue ukinzani wa Mbishi ni wa namna gani, hatumpi kazi."

"Anabaki wa tatu. Amepita kila kitu?"

"Kila kitu cha humu ndani."

"Basi huyo ndiye dawa! Andika, dada. Mwenye maduka anasubiri."

Bi Hadubini alivua glavu zake.

"Huyo amepita usaili. Hajaanza kazi. Sahani ya maabara si tumbo la mtu. Anayetaka kusema *hutibu* lazima ampime kwa watu waliokubali kupimwa, wengi, wengine wanapewa na wengine hawapewi, halafu wanalinganishwa. Hiyo ni kazi ya miaka, na sisi bado hatujaigusa. Tena ikithibitika, itakuwa ni kwa ukoo huo tu, kwa kiasi hicho tu. Si kwa kila mtindi."

Mama Mtindi alikuwa amempa huyo wa tatu jina la Mtulivu, akasahau kulitaja.

"Na liko jingine," Bi Hadubini aliendelea, "na hili halitakufurahisha. Kwenye sahani hii tumekuta vijidudu wa kinyesi."

"Cha nani?"

"Inaelekea ni cha ng'ombe. Ni wachache, lakini siku za joto wanaongezeka. Hao ndio wanaokuvimbishia chupa, na wanaweza kuumiza watu."

"Maziwa nayachemsha mpaka yanapanda!"

"Najua. Kwa hiyo wameingia baada ya kuchemsha. Kesho naja kukutazama unavyofanya kazi."

Asubuhi iliyofuata Bi Hadubini alisimama pembeni ya jiko. Aliona maziwa yakichemka. Aliona yakipozwa. Kisha Mama Mtindi alinyoosha mkono akachukua kitambaa cha kuchujia, kilichokuwa kimeanikwa kwenye boriti ya zizi.

"Subiri," alisema Bi Hadubini. "Hicho huwa kinaoshwa na nini?"

"Maji."

"Ya moto?"

"Maji ni maji."

"Na kinakauka hapo kila siku, ng'ombe wakipunga mikia?"

Kitambaa kilikuwa cha mama mkwe, na mahali pa kukianika alipachagua yeye.

"Upepo wa hapo ni mzuri," alisema mama mkwe.

"Ni mzuri, mama. Tatizo ni unachokibeba."

Tangu siku hiyo kitambaa kilichemshwa kila baada ya kutumika, kikaanikwa juani mbali na zizi. Chupa na vifuniko vilichemshwa pia. Mbegu iliwekwa kwenye chombo chake chenye kifuniko, na haikuchotwa tena kwa kijiko kilichotoka mdomoni mwa mtu. Mama mkwe alinung'unika kuhusu kijiko. Alidai kuonja ni haki yake. Akapewa kijiko chake mwenyewe, kikafungwa uzi mwekundu.

Ubao wa fundi ulikuwa bado unaning'inia langoni. Mama Mtindi alisema uondolewe. Mume wake alisema uachwe kwanza, mpaka wajue jibu la kumpa mwenye maduka.

Wakiwa bado wanabishana juu ya hilo, mama mmoja kijana aliingia langoni mbio mbio. Mgongoni alikuwa amebeba mtoto wa mwaka mmoja hivi.

"Nipe ile ya tiba," alisema. "Mtoto anaharisha tangu juzi."

Mama Mtindi alimfunua mtoto. Macho yalikuwa yamezama. Midomo ilikuwa imekauka. Alipomfinya ngozi ya tumbo kidogo, ilichelewa kurudi. Mtoto alilia, lakini machozi hayakutoka.

"Umempa nini mpaka sasa?"

"Sijampa kitu. Zahanati nilitaka kwenda, lakini nilipopita hapa nikasoma. Nikasema ya nini kupanga foleni, tiba ipo."

Fundi viatu alitazama ubao wake, kisha akatazama chini.

"Mwanangu, mtindi hautibu hivi," alisema Mama Mtindi. "Huyu maji yamemwishia mwilini. Twende zahanati, sasa hivi."

"Lakini pameandikwa..."

"Pameandikwa vibaya. Twende."

Walikwenda pamoja. Muuguzi alipomwona mtoto aliwapitisha mbele ya foleni. Alifungua pakiti ya chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, akaikoroga kwenye maji safi, akamwonyesha mama jinsi ya kumnywesha mtoto kidogo kidogo kwa kijiko, bila kuchoka. Alimpa na vidonge vya zinki. Alisema aendelee kumnyonyesha.

"Kuharisha kwenyewe mara nyingi kunaisha," alisema muuguzi. "Kinachoua ni kupungukiwa na maji. Huyu angekaa nyumbani mpaka kesho, nisingekuwa na maneno haya ya kukwambia."

Mtoto alibakizwa pale chini ya uangalizi. Mama Mtindi alikaa mpaka alipomwona amekojoa. Muuguzi alisema hiyo ni dalili njema.

Aliporudi nyumbani hakukuta ubao langoni. Mume wake alikuwa anaukwangua rangi kwa kisu cha ngozi.

Lakini barua ya mwenye maduka ilikuwa bado mezani, na kiangazi kilikuwa bado kinakuja. Baada ya chakula fundi alisema kile kilichokuwa moyoni mwake.

"Mama Watoto, mimi siungi mkono uongo. Leo nimeona. Lakini yule anauza mji mwingine, watu wake wana hospitali. Na wewe umesikia mwenyewe kwamba yule bakteria wako wa tatu amepita mitihani. Neno ni moja tu. *Hutibu.* Ukiliandika, ng'ombe anabaki."

"Na mama kama yule wa leo, huko mjini, akilisoma?"

"Atakuwa na akili zake."

"Yule wa leo hana akili?"

Fundi aliikunja barua.

"Alikuwa nazo," Mama Mtindi aliendelea. "Alikuwa anakwenda zahanati. Aliyemsimamisha ni sisi. Mtindi wangu haukumfanya kitu mtoto. Neno letu ndilo lililotaka kumuua."

Mama mkwe, ambaye walidhani amesinzia, alifungua macho. "Mwache aandike anavyotaka. Mbegu ni yangu, na mimi dawa zangu za tumbo nitaendelea kuzimeza."

Siku zilizofuata zilikuwa za joto kali. Chupa hazikuvimba. Hata zile zilizokaa mpaka kesho yake zilikuwa na harufu ileile safi. Maabara ilipima chupa nyingine, na karatasi mpya ikaja: bakteria wa asidi laktiki, hai, wengi sana; vijidudu wa kinyesi, hawakuonekana. Mwenye kibanda cha chai karibu na shule alianza kuchukua chupa kadhaa kila asubuhi, na mwenzake wa ng'ambo ya barabara naye akafuata. Halikuwa soko la gari kuja langoni. Lakini fedha ya majani ilianza kupatikana, na habari ya kumuuza ng'ombe mdogo ikawa haisemwi kila siku.

Yule mama kijana alirudi, mtoto akiwa kiunoni, mnene wa mashavu, anavuta hereni za mama yake.

"Safari hii nataka mtindi wa kunywa tu," alisema.

"Huo ndio ninaouza," alijibu Mama Mtindi.

Siku hiyo aliketi kuandika. Mume wake alimpa kalamu na kuwasha taa ya mezani. Aliandika polepole, akisoma kila sentensi kwa sauti ya chini kabla ya kuanza nyingine.

*Kwa Mwenye Maduka,*

*Salamu nyingi. Karatasi ya maabara uliyoomba nimeiambatanisha. Inaonyesha kwamba mtindi wangu una bakteria hai wa asidi laktiki na ni safi. Ukoo mmoja wa bakteria hao umeonyesha dalili njema maabara, na wataalamu wameuhifadhi ili wauchunguze zaidi. Haujapimwa kwa watu. Kwa hiyo siwezi kukubali maneno uliyotaka yabandikwe kwenye chupa. Mtindi wangu haujathibitishwa kutibu ugonjwa wowote.*

*Ukitaka kuuza kama chakula, nitakuuzia kwa moyo mweupe. Andika hivi: "Mtindi safi wenye bakteria hai. Weka mahali pa baridi. Usichemshe." Na kama utapenda, ongeza chini: "Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi na umpeleke kituo cha afya."*

*Kama hutaki hivyo, sina kinyongo.*

"Ataiona ndefu," alisema fundi.

"Ataisoma pole pole."

"Umetaja mbegu ni ya nani?" aliuliza mama mkwe.

"Hapana, mama."

"Sema."

Mama Mtindi aliongeza mstari mmoja chini ya sahihi: *Mbegu ni ya mama mkwe wangu.* Mama mkwe aliomba asomewe mstari huo, kisha akaomba asomewe tena.

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Fundi alileta kopo lake la gundi ya soli, akapaka kidogo kwa ncha ya kijiti, akaubana mdomo wa bahasha kwa kidole gumba mpaka ukashika. Asubuhi Mama Mtindi aliipeleka posta akiwa njiani kwenda kwenye kibanda cha chai. Karani aliinusa bahasha, akamtazama, akagonga muhuri na kuitumbukiza kwenye gunia la barua za mji ule. Gari la posta lilikuwa tayari limewasha injini.